Wimbo Uliokimbizwa

Kila Jumamosi asubuhi, uani kwa akina Fahima mjini Rumonge, wanawake watatu walikamua mawese. Walimimina ngazi zilizochemshwa, yaani matunda ya mchikichi, ndani ya mashine, kisha wakausukuma mti wake mrefu wakizunguka na kuimba. Wimbo ndio uliopanga hatua. Mama yake Fahima, Sharifa, ndiye aliyeuanzisha, na asiyeufuata alikanyagwa kisigino.

Siku moja Madamu Kezia, mwalimu wa kwaya ya shule, alikuja kununua mawese akausikia. Akauomba, akautia maneno mapya ya kuwahimiza watu wanawe mikono ili kujikinga na kipindupindu. Beti mbili za mwanzo akampa mwanakwaya mmoja, Zipora, aongoze. Ubeti wa mwisho akampa Fahima.

Hapo ndipo moyo wa Fahima ulipoanza kuwaka. Wimbo ni wa mama yake, iweje aongoze Zipora, aliyerudi juzi tu na wazazi wake kutoka Tanzania? Kweli, Zipora alikuwa na sauti nzuri, na Kiswahili chake kilinyooka mpaka walimu wakakisifu. Hilo ndilo lililomuuma Fahima zaidi.

Kwaya ikaenda kurekodi kwenye redio ya mjini. Jumamosi iliyofuata, muda mfupi kabla ya habari za saa nne, mtangazaji akautaja wimbo wao. Fahima akaiweka redio juu ya pipa na kuongeza sauti. Wanawake wakaanza kuzunguka.

"Eh! Huyu mutoto iko na haraka gani?" Mama alihema. "Anatukimbiza!"

Hatua zilivurugika, mmoja akajikwaa, wote wakacheka. Fahima hakucheka. Sauti ya Zipora ilikuwa nyembamba na ya juu kuliko siku ya kurekodi, tena tamu. Akangoja ubeti wake. Ubeti wa pili ukaisha, na papo hapo mtangazaji akaanza kusoma habari.

"Wamenitoa," Fahima alisema, machozi yakimlenga.

Jumatatu shuleni alimweleza rafiki yake Mariyamu kwamba redioni ilisikika sauti ya Zipora tu.

"Zipora?" Mariyamu akashtuka. "Si nilimuona Jumamosi akitoka redio peke yake!"

Fahima hakuuliza ilikuwa saa ngapi. Mwenye wivu akishapata anachokitaka haulizi zaidi. Kwake mambo yalikuwa wazi: Zipora alirudi kurekodi wimbo upya, haraka haraka, bila wenzake. Kufikia mapumziko kwaya nzima ilikuwa imeambiwa. Zipora alipojaribu kusema neno, wakampa mgongo. Wakamwita "Peke Yangu". Jumatano akaacha kwaya.

Hilo likawa balaa, kwa sababu kwaya ilikuwa imealikwa kuimba moja kwa moja redioni Jumamosi. Madamu Kezia alihangaika, kisha akamwambia Fahima, "Basi utaongoza wewe."

Alichokitamani amekipata. Lakini jioni hiyo, mbele ya ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, alishindwa hata kumeza. Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na Fahima alianza kukonda mapema. Mama alipombana, akamweleza yote.

"Wewe ulimuona akirekodi?"

"Hapana, mama."

"Ulimuuliza?"

Fahima akatikisa kichwa.

"Kesho ukitoka shule tutaenda redio," mama alisema.

Redioni walimkuta Asmani, fundi wa mitambo. Mama alimsalimu, kisha akamsukuma binti yake mbele.

"Kaka Asmani, kwa nini Zipora alirekodi tena peke yake?" Fahima aliuliza.

"Nani amerekodi tena?" Asmani alishangaa. "Wimbo iko mumoja tu. Sikiliza."

Akaufungua. Ulienda taratibu, kwa hatua za uani kwao, na mwishoni Fahima akajisikia mwenyewe akiimba ubeti wake wote.

"Wimbo wenu una dakika nne," Asmani alieleza. "Mimi nilibaki na tatu, na habari za saa nne hazimngoji mtu. Nikaukimbiza kidogo. Wimbo ukikimbizwa kwa mtambo wetu huu wa zamani, sauti nayo inapanda. Bado ulizidi, nikaukata mkia. Redio nyingi zinafanya hivyo. Zingine zinakimbiza nyimbo ili tu zichangamke, msikilizaji asihamie kwingine. Lakini kweli, ningemwambia mwalimu wenu. Hapo nilikosea."

"Na Zipora alikuja kufanya nini?"

"Alikuja Jumamosi ileile, habari hazijaisha. Alikuwa amekasirika! Aliniambia, 'Umemkata Fahima, na wimbo ni wa mama yake. Rudisha ubeti wake.' Ndiyo maana nikawaalika muimbe moja kwa moja. Nimewawekea dakika nne kamili."

Fahima alitamani ardhi impasukie. Njiani mama hakugeukia kwao. Alimpeleka moja kwa moja kwa akina Zipora.

Zipora alikuwa akianua muhogo. Hakusimama.

"Nimekusingizia," Fahima alisema. "Nilikuonea wivu. Nisamehe."

"Mimi nilikwenda kukutetea," Zipora alijibu, macho kwenye ungo. "Ungeniuliza tu."

"Kesho nitawaambia wote. Na wewe ndiye utaongoza."

Zipora akausogeza ungo katikati yao. Fahima akachuchumaa, wakaanua muhogo pamoja.

Ijumaa Fahima alisimama mbele ya kwaya nzima akasema kila kitu, bila kumtupia Mariyamu lawama. Ilikuwa vigumu kuliko kuimba. Jumamosi, Zipora akaongoza na Fahima akafunga, na uani wanawake walizunguka wasikanyagane hata mara moja.

Aliporudi nyumbani, Fahima alimkuta mama akijipangusa mawese mikononi.

"Leo mumetupatia hatua," mama alisema akitabasamu. Kisha akamshika bega. "Mutoto wangu, Asmani alikata ubeti wako kwa sababu saa ilimlazimisha. Wewe ulipomkata mwenzako, hakuna saa iliyokukimbiza. Ulikuwa na siku nzima ya kumuuliza. Siku nyingine, kabla hujamsema mtu, muulize kwanza."