Bendera Chini ya Godoro la Sebia

Haya, sogeeni karibu. Aliyekalia mguu wa mwenzake, aondoke. Tunaanza.

Huyu ni Sebia. Jina lake refu ni Eusebia, ila hilo ni la kanisani na la kugombezewa.

Sebia anaishi na Mama, Baba na Bibi katika mji mdogo wa milimani. Mama yake anauza vitumbua. Baba yake ni fundi cherehani.

Trrr, trrr, trrr! Ndivyo cherehani ya Baba inavyolia kutwa nzima.

Sebia alizaliwa tarehe tisa Desemba. Na kila tarehe tisa Desemba, mjini kwao kulikuwa na mambo!

Shule zilifungwa. Bendi ilipita, dum, dum, dum! Bendera ndogondogo zilining'inia kila mahali, mpaka kwenye kibanda cha muuza mkaa.

"Kumbe watu wa hapa wananipenda hivi!" Sebia aliwaza.

Msimcheke. Hata wewe ungedhani hivyohivyo.

Alikuwa akiruka kamba huku akiimba:

"Siku ni yangu! Yangu peke yangu!"

Mwaka huu Sebia alikuwa anatimiza miaka sita. Baba alimwahidi gauni la njano, lenye mfuko mkubwa wa kutilia karanga.

Kitambaa kilishakatwa. Kilikuwa mezani, kinasubiri zamu yake.

Siku mbili kabla ya siku yenyewe, akaja Mzee Kapinga.

Mzee Kapinga ni mgambo wa ofisi ya kata. Asubuhi saa kumi na mbili, anapandisha bendera. Jioni saa kumi na mbili, anaishusha.

Kwanza anapuliza kipenga. Priii! Hapo kila mtu anasimama. Wima. Kimya. Hakuna kutembea, hakuna kucheka, hakuna kujikuna.

Bendera ikishafika, kipenga kinalia tena. Priii! Ndipo watu wanaendelea na safari zao.

"Shikamoo, babu," alisema Sebia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Fundi, bendera yetu ya ofisi imechakaa. Nishonee mpya, kubwa. Sikukuu imefika."

"Sikukuu yangu!" alisema Sebia. "Natimiza miaka sita."

Mzee Kapinga alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Wewe mtoto! Hii ni Sikukuu ya Uhuru. Bendera ni za nchi nzima!"

Sebia hakucheka. Alikimbia kwa Bibi, aliyekuwa akichambua maharage uani.

"Bibi, eti siku yangu ni ya nchi?"

"Ndiyo, mjukuu wangu. Zamani tulitawaliwa na wageni. Siku hiyo tukaanza kujitawala wenyewe."

"Kwa hiyo nchi nayo ilizaliwa siku yangu?"

Bibi alitabasamu. "Wewe ndiye uliyezaliwa siku yake."

Lo! Sebia alisikia kitu kikimchoma kifuani. Kitu hicho kinaitwa wivu.

Alimwonea wivu nani? Aliionea wivu nchi. Nchi nzima, na milima yake na mito yake!

"Lakini siku ni yangu," alinong'ona. "Yangu peke yangu!"

Akaenda kwa Mama, akamkuta anasaga mchele wa vitumbua.

"Mama, tarehe tisa ni siku ya nani?"

"Yangu!" alisema Mama. "Watu wanajaa, vitumbua vinaisha mapema, halafu narudi nyumbani nanyoosha miguu. Mwaka mzima naisubiri."

Sebia akanuna. Akaenda kwa Baba.

"Baba, ni siku ya nani?"

"Yangu," alisema Baba. Macho yalikuwa kwenye sindano. "Kazi ya mikono yangu itakuwa juu kuliko mapaa yote. Si jambo dogo hilo."

"Na gauni langu?"

"Kwanza bendera, mwanangu. Gauni baadaye."

Trrr, trrr, trrr!

Sebia alikaa chini ya meza akitazama. Kijani ikashonwa. Njano ikashonwa. Nyeusi ikashonwa. Buluu ikashonwa.

Gauni lake lilikuwa bado vipande.

Siku ya pili, kutwa nzima, ilikuwa bendera tu. Baba aliipiga pasi. Aliikunja polepole, kama anamlaza mtoto mchanga. Akaifunga kwa gazeti na uzi.

"Umependeza," aliiambia bendera.

Baba aliiambia bendera! Hakumwambia Sebia!

Roho ilimuuma Sebia. Ilimuuma kweli.

Jioni, Baba alitoka kwenda kunawa. Kifurushi kilibaki mezani.

Sebia alifungua uzi. Akaitoa bendera. Akaificha chini ya godoro lake.

Sasa kifurushi kilikuwa kitupu. Akavua foronya ya mto wake, ile yenye bata wa rangi ya waridi. Akaikunja vizuri. Akaifunga kwa gazeti, kwa uzi uleule.

"Siku ni yangu," alisema. "Yangu peke yangu!"

Ila usiku ule hakulala vizuri. Bendera ilimvimbia mgongoni. Na mto bila foronya unawasha.

Kulipokucha, Bibi alimbusu. "Hongera, mjukuu wangu. Miaka sita!"

Bibi alikuwa amevaa kitenge chake kipya na viatu vya Jumapili. Akamshika Sebia mkono, wakaenda ofisi ya kata.

Watu walikuwa wengi! Mama alishawasha jiko, vitumbua vinanukia iliki. Bendi ilikuwa tayari. Baba alifika mbio, macho mekundu, akampa Mzee Kapinga kifurushi.

Sebia alijificha nyuma ya kitenge cha Bibi.

Mzee Kapinga alisimama chini ya mlingoti. Viatu vyake vilimeta. Akajaza mashavu upepo.

Priii!

Watu wote wakasimama. Wima. Kimya.

Mpiga ngoma alisimama vijiti vikiwa hewani. Mwenye baiskeli alisimama kwa mguu mmoja. Mtoto mmoja alisimama na kidole puani.

Mama alisimama na kijiko mkononi. Vitumbua vilikuwa jikoni bado. Chwaaa!

Mzee Kapinga akafungua uzi. Akafungua gazeti. Akakunjua.

Bata!

Bata wa rangi ya waridi, mmoja, wawili, watatu!

Hakuna aliyecheka. Wangechekaje? Kipenga kilishalia! Watu walibana midomo, machozi yakawatoka.

Mzee Kapinga alibaki ameshika foronya. Hakuwa na bendera ya kupandisha. Na bila bendera kufika juu, hawezi kupuliza kipenga cha pili.

Kwa hiyo mji mzima ukabaki pale. Wima. Kimya.

Ni mbuzi tu aliyetembea. Mbuzi hajui mambo ya kipenga. Alikwenda zake kwenye sahani ya Mama, akala kitumbua. Nyam, nyam. Mama alimtazama tu.

Jikoni moshi ulianza kupanda.

Sebia alimtazama Baba. Baba aliijua ile foronya. Aliishona yeye mwenyewe. Masikio yake yaliwaka kwa aibu.

Sebia alimtazama Bibi. Bibi alikuwa amenyoosha shingo, anatazama juu ya mlingoti mtupu. Midomo ilikuwa inamtetemeka.

"Bibi," Sebia alinong'ona, "unalia?"

Bibi alijibu kwa sauti ndogo sana, bila kugeuza shingo.

"Nilikuwa mdogo kama wewe. Baba yangu alinibeba mabegani ili nione bendera yetu ya kwanza. Alisema, 'Tazama, mwanangu. Hii ni yako.' Ndiyo maana kila mwaka nakuja kuitazama."

Kile kitu kifuani mwa Sebia kiligeuka. Kilikuwa hakichomi tena. Sasa kilikuwa kizito, kizito mno.

Sebia akaachia kitenge. Akakimbia!

Pa, pa, pa, pa! Miguu yake tu ndiyo iliyosikika mji mzima.

Watu wote walimtazama. Alikuwa akitaka hivyo siku zote, wote wamtazame yeye. Leo alitamani ardhi ipasuke.

Akaingia nyumbani. Akainua godoro. Akachomoa bendera.

Alipogeuka, aliona kitu kwenye cherehani.

Gauni la njano! Limekamilika, na mfuko wake mkubwa. Taa ya Baba ilikuwa bado mezani. Baba alikuwa amelishona alfajiri, wengine wote wakiwa wamelala.

Sebia alitaka kulivaa. Alitaka sana! Lakini watu walikuwa wamesimama. Na yule mwenye baiskeli alikuwa kwenye mguu mmoja.

Akaliacha. Akakimbia na bendera peke yake. Pa, pa, pa, pa!

"Babu," alisema mbele ya Mzee Kapinga, pumzi juujuu. "Ni mimi niliyeificha. Niliona wivu. Naomba unisamehe."

Mzee Kapinga alijaribu kukunja uso. Hakuweza.

"Lete haraka, mjukuu wangu," alinong'ona. "Goti linaniuma."

Akaifunga kwenye kamba. Akavuta. Bendera ikapanda, ikapanda, ikapanda. Upepo ukaipokea.

Pata, pata, pata!

Bibi alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Yangu," alisema taratibu.

Baba aliinua kidevu. "Yangu," alisema.

Sebia alisubiri wagombane. Hawakugombana. Bibi hakumnyang'anya Baba, na Baba hakumnyang'anya Bibi. Bendera ilikuwa kubwa, ikapepea tu.

Priii!

"Haaaa!" Mji mzima ulishusha pumzi. Mwenye baiskeli alianguka pu! Mtoto akatoa kidole. Na kile kicheko walichokibana kikalipuka chote kwa pamoja.

"Vitumbua vyangu!" Mama alipiga kelele.

Vilikuwa vimeungua upande mmoja, vyeusi tii.

Baba alimwendea Sebia. Hakuwa anacheka.

"Sebia, leo umenitia aibu."

"Najua, Baba." Machozi yalimtoka. "Ulishona bendera kwanza. Nikadhani mimi ni wa mwisho."

Baba akachuchumaa.

"Bendera niliishona mchana, kwa sababu ni kazi. Gauni nililishona kwa kuiba usingizi, kwa sababu ni lako. Sasa nani wa mwisho?"

Sebia aliwaza. "Usingizi," alisema.

Hapo Baba alicheka, akamfuta machozi kwa kiganja.

Asubuhi ile Sebia alikaa na Mama jikoni. Alikwangua vitumbua vilivyoungua, kimoja kimoja, mpaka vidole vikawa vyeusi. Kisha akavigawa kwa wale waliosimama muda mrefu. Cha kwanza alimpa mwenye baiskeli, na pole akampa.

Halafu akanawa. Akavaa gauni la njano. Mama akamjazia mfuko karanga. Bendi ilipopita, dum, dum, dum, Sebia aliifuata akitafuna.

Jioni saa kumi na mbili, kipenga kililia tena. Priii! Bendera ikashuka, na Sebia akasimama wima kuliko wote.

Baadaye, hodi! Ni Mzee Kapinga. Alikuwa ameshika foronya ya bata. Ameikunja kama anavyoikunja bendera. Akampigia Sebia saluti, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Hongera kwa kutimiza miaka sita," alisema. "Mwakani, kifurushi nitakifungua kwanza."

Bibi akaivika foronya kwenye mto. Sebia akalala na gauni lake la njano. Alikataa kabisa kulivua.

"Bibi, nchi nayo ilipewa gauni?"

"Ilipewa bendera. Aliishona baba yako."

Sebia alifikiri. Wivu ulichungulia kidogo, halafu ukaona aibu, ukaondoka.

Akageukia dirisha. Nje kulikuwa na milima, na taa chache, na chura mmoja. Kro, kro.

"Hongera na wewe, nchi," alinong'ona. "Siku ni yangu." Akapiga miayo. "Na yako."

"Na yangu," alisema Bibi, amefumba macho.

"Na yangu!" alisema Baba kutoka chumba cha pili.

"Na yangu!" alisema Mama. "Haya, laleni!"

Wakalala wote. Na cherehani nayo ikalala.