Filta ya Kipenga

Gari lilinuka nywele mbichi. Ukiwasha feni, ilikujia harufu ya kichwa kilicholowa kikafungwa kitambaa kabla hakijakauka. Kinyozi aliijua harufu hiyo kuliko mtu yeyote, maana ndiyo iliyomlisha, na kwa kuwa aliizoea mno haikumshangaza. Mkewe naye alikuwa na jibu lake mdomoni.

"Ni wewe huyo. Unatoka kazini na vichwa vya watu mgongoni, halafu unajitupa kwenye kiti. Jipige brashi kabla hujapanda, mume wangu."

Lilikuwa gari kuukuu, walilouziwa na kijana mmoja aliyesema lilikuwa la marehemu bibi yake. Walilinunua kwa ajili ya binti yao tu. Mtoto alikuwa na pumu, na siku moja alibanwa kifua wakahangaika barabarani kutafuta usafiri hadi mama mtu akapoteza viatu. Kila alipotoa pumzi kifua chake kilipiga mluzi mwembamba, na baba yake, ambaye hata mteja mwenye wembe shingoni hakumwachia bila kumtania, alimpachika jina la Kipenga.

"Kipenga, refa amekuja?" angemuuliza, na mtoto angecheka mpaka mluzi uzidi. Wazazi walilala kwa kuusikiliza mluzi huo. Ukinyamaza, mama aliamka.

Sasa mtoto alikuwa akikohoa kila akipanda gari. Fundi wa gereji akasema ni filta, ile inayochuja hewa ya ndani, imeziba. Akampa kinyozi filta mpya aende kuiweka mwenyewe.

"Ng'oa kidroo cha mbele ya abiria, utaikuta nyuma yake. Ila angalia mshale. Utazame chini, hewa inakoelekea. Ukiugeuza unaharibu kazi."

Jumapili kinyozi akapiga magoti mlangoni mwa gari. Akakibana kidroo ubavuni kikaachia, akafungua kifuniko cha plastiki, akavuta. Filta ilitoka nyeusi tii, na katika kila kikunjo chake mlilazwa nywele nyeupe, ndefu, zimenyooka kana kwamba mtu alizipitishia kitana kwanza. Yeye alinyoa wanaume. Nywele za urefu ule hazijawahi kukalia kiti chake.

Mtu mwingine angeitupa palepale. Lakini kinyozi huyu hakuwahi kutupa kitu kabla ya kukipiga brashi. Mashine yake ya kunyolea ilizeeka naye kwa mtindo huohuo. Akaona filta ikisafishwa itafaa kuwa ya akiba. Nje palikuwa na upepo, basi akaiingiza sebuleni, akatandika gazeti, akaikung'uta kikunjo baada ya kikunjo mpaka nywele zikajaa gazeti zima. Akaenda jikoni kuchukua ufagio. Aliporudi, gazeti lilikuwa tupu.

Madirisha yalikuwa yamefungwa. Akasimama pale na ufagio wake kama mjinga, kisha akakunja gazeti, na filta mpya akaiacha mezani bado imo kwenye kasha lake.

Jioni harufu ilikuwa imehamia ndani ya nyumba. Ilianzia sebuleni, ikapita ukumbini, ikatulia chumbani kwa mtoto.

"Baba," Kipenga alinong'ona, "kuna bibi."

"Bibi gani, mama?"

"Amelala huku nyuma yangu. Nikivuta pumzi, na yeye anavuta. Anamaliza yote."

Mama akapiga magoti kitandani. "Usiseme hivyo, mwanangu. Baba yako amekutania tena?"

Kinyozi hakuwa na utani. Alikuwa akisikiliza, na alichokisikia, chini ya mluzi wa binti yake ambao sasa ulikuwa umepanda na kukatikakatika, ni pumzi ya pili, nzito na yenye majimaji, iliyovuta pale mtoto alipotaka kuvuta na kushikilia pale mtoto alipotaka kutoa, na walipompa dawa yake ya kuvuta ni kama walimpa mtu mwingine, kwa maana midomo ya mtoto ilizidi kuwa ya kijivu huku kwenye mto, nyuma ya shingo yake, nywele nyeupe zikijiviringa polepole bila mkono wowote kuzigusa.

Hospitali walimwekea oksijeni, wakampiga picha, wakasema mapafu ni safi, wakamruhusu kurudi nyumbani. Lakini alizidi kudidimia. Ndipo jirani alipowaletea mganga, mama mmoja mnene aliyevaa viatu vya raba, asiye na haraka. Aliinusa ile filta ya zamani, akafyonya.

"Nani kaikung'uta?"

"Mimi," kinyozi akasema.

"Wenye gari kabla yako walimfunga humu wakashukuru. Wewe ukampiga brashi." Akavuta kiti. "Haya. Jini wa pumzi hufuata upepo. Weka filta mpya. Mketishe mtoto kwenye gari, funga vioo, washa feni izungushe hewa ya ndani. Mshale ukitazama chini, jini atakwama na pumzi ya mtoto itapita imrudie. Ukiugeuza, atakayekwama ni mtoto, na atakayerudi mwilini mwake ni yule. Akishakwama, ichome kabla jua halijazama. Na hadanganyiki mara mbili."

Kinyozi alimbeba binti yake mpaka kwenye kiti cha abiria, na ilimbidi aiweke filta akiwa amejikunja mbele ya magoti ya mtoto, huku mkewe akilia kwa nje, "Fanya haraka, baba nanii, anakata roho, fanya haraka!" na mtoto juu yake akikoroma, na nywele mbichi zikimpapasa yeye mwenyewe masikioni, mikono yake iliyozoea kupitisha wembe kooni mwa watu bila kutikisika ikaponyokwa na kifuniko mara mbili, akaisukuma filta ndani, akabana, akafunga mlango, feni ikawaka.

Ikavuma. Harufu ikapungua, ikaisha. Mtoto akafumbua macho, akavuta pumzi ndefu, akaitoa. Haikuwa na mluzi hata kidogo.

Mama alimkumbatia akicheka na kulia. Mganga akaaga. Kinyozi akabaki kuitoa filta, na ilipochungulia kwenye nafasi yake akauona mshale. Ulitazama juu.

Nimeigeuza wakati wa kuvuta, alijiambia. Alijiambia hivyo njia nzima hadi uani, akiiweka kwenye debe, akiwasha kiberiti. Ukingo ukashika moto, moshi ukatanda. Siku zote Kipenga alikimbia moshi, hata wa mshumaa. Sasa alikuja, akasimama katikati yake, akauvuta kwa pua kama mtu anayenusa ua.

"Choma, Baba," akasema.

Ndani ya debe, kitu kikapiga mluzi.

Kinyozi alitumbukiza mikono yote miwili motoni.

Mikono ilipona kwa makovu. Filta iliyobaki nusu ameirudisha garini, mshale chini. Mkewe anadhani alipagawa kwa furaha. Ila usiku bado huamka, huenda kutega sikio kifuani kwa mtoto, kisha hurudi na kujilaza chali.

"Mzima," hunong'ona. "Lakini mbona kimya hivyo?"

Mtoto hapandi gari tena. Kinyozi amembembeleza, amemnunulia peremende, siku moja alimbeba kwa nguvu akang'atwa hadi mfupa. Mtoto hukaa kizingitini akichana nywele zake, ambazo zinarefuka upesi kuliko nywele zozote ambazo kinyozi amewahi kuziona, na humuuliza kwa upole, "Baba, filta hujabadilisha tu?"

Hata fundi anamwambia abadilishe, vumbi limejaa. Kinyozi hathubutu kuitoa, na hathubutu kuipiga brashi. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, hufunga vioo na kuwasha feni kidogo sana.

"Kipenga," huita, "refa amekuja?"

Mluzi hutoka kwenye matundu ya feni, ukicheka. Wiki hii umekuwa mwembamba mno, ikambidi azime injini ndipo ausikie.