Wimbo Uliokatizwa Gerezani

Kila asubuhi Mbishi na shangazi yake waligawana kazi: shangazi akipiga pasi shati lake la kazi, Mbishi akivipaka rangi viatu vya shangazi mlangoni. Mbishi halikuwa jina lake la shuleni. Alibandikwa jina hilo na bibi yake kwa sababu hakukubali jambo kwa kuambiwa tu.

Shangazi alikuwa mkaguzi wa magereza. Kazi yake ilikuwa kuingia magerezani, kuangalia wafungwa wanalala wapi, wanakula nini na wakiugua wanatibiwa vipi, kisha kuwaeleza wakubwa bila kumung'unya maneno.

Jumamosi moja kwaya ya shule ilialikwa kuimba katika gereza la wanawake. Mkuu wa gereza alitaka wakaguzi waliokuwa wakija siku hiyo wapokewe kwa shangwe. Mbishi alipoingia uani na wanakwaya wenzake alimwona shangazi yake kati ya wakaguzi hao. Shangazi akamkonyeza tu, akaendelea na kazi. Kuta zilinuka rangi mbichi. Wafungwa walikuwa wamepangwa kwenye mabenchi, sare zao safi, macho yao chini.

Kabla ya kuimba, Mbishi aliomba kwenda msalani. Wakati wa kurudi alipotea njia, akatokea nyuma ya jiko. Hapo alisikia kikohozi kizito. Alipochungulia kwenye dirisha la nondo, aliona wanawake wamelala kwenye sakafu tupu, na kando yao ndoo iliyokauka. Mmoja alijikokota hadi dirishani, midomo imepasuka kwa kiu.

"Mwanangu, tupe maji," alisema. "Wametuficha huku ili wageni wasituone."

Mbishi akapitisha chupa yake ya maji kati ya nondo. Yule mama hakunywa. Alianza kwa kumnywesha mwenzake aliyekuwa akitetemeka kwa homa.

Mbishi aliporudi uani, mkuu wa gereza alikuwa amesimama kifua mbele, akiwaambia wakaguzi kwamba gereza lake halina mgonjwa hata wa mafua. Mwalimu wa kwaya akainua mkono, wimbo ukaanza. Mbishi alifumba mdomo, akatoka mstarini. Mwalimu alimshika mkono, naye akajichomoa.

"Wagonjwa wapo," alisema. "Wamefungiwa nyuma ya jiko, na hawana maji."

Wimbo ukafa. Mkuu wa gereza akacheka, akasema watoto wa siku hizi wanaota mchana. Kisha akamwinamia, kicheko kimemwisha usoni.

"Nani kakwambia hayo?"

Mbishi alijua kwamba akimtaja yule mama, mama wa watu angekiona cha moto. Hakurudi nyuma.

"Macho yangu," alijibu.

Shangazi akaomba ufunguo. Akaambiwa aliyenao ametoka. Basi akavuta kiti, akaketi, akasema hana haraka, ila haondoki mpaka mlango ule ufunguliwe. Haukupita muda mrefu, ufunguo ukaonekana mfukoni mwa askari aliyekuwa hapo hapo.

Wagonjwa walipelekwa hospitali siku ile ile. Baadaye shangazi alirudi gerezani mara kwa mara bila taarifa, kuhakikisha hakuna mfungwa aliyelipiziwa kisasi. Mkuu yule aliondolewa kazini.

Mwalimu wa kwaya hakufurahi. Alimwita shangazi shuleni, akadai Mbishi aombe radhi la sivyo atoke kwenye kwaya, kwani ameiaibisha shule kwa ajili ya wahalifu. Mbishi alijibu kwa adabu kwamba hawezi kuomba radhi kwa kusema kweli.

"Mwalimu, wengine wao waliiba kweli, sikatai," shangazi alisema taratibu. "Hakimu aliwahukumu kifungo. Hakuwahukumu kiu." Kisha akamgeukia Mbishi. "Nawe mwanangu, ushike hili. Mtu akifungwa, uhuru wake ndio unaofungwa. Utu wake haufungwi. Ukiuona unakanyagwa, sema, hata kama umesimama peke yako."

Mwalimu aliinamisha kichwa, kisha akamwambia Mbishi aje mazoezini jioni. Jioni ile kwaya ilifanya mazoezi, na Mbishi alisimama mstari wa mbele. Radhi hakuomba.