Karatasi za Kesi Iliyopita

Ndugu zangu, hebu mtazameni fundi wa majokofu asubuhi ile. Mlango wa karakana uko wazi, redio inaimba kwa sauti ya chini, mkewe anamenya viazi kizingitini, naye ana jalada mapajani, analisoma kwa mara ya nne. Rafu nyuma yake zimejaa mota na feni alizong'oa kwenye majokofu mabovu. Mtu huyu hatupi kitu. Kilichotoka kwenye jokofu moja husubiri kuingia kwenye jingine.

Jalada lile alipewa na waendesha mashtaka. Jirani yake, mwenye duka la vitambaa, aliwaambia polisi kuwa alimwona kwa macho yake akilitia duka moto. Fundi akashtakiwa, na kwa sheria ya kwao akapewa nakala za maelezo ya mashahidi wote ili ajue namna ya kujitetea. Kesi ikaondolewa kabla shahidi hata mmoja hajapanda kizimbani. Akawa huru, lakini mtaa haukumsafisha. Wateja wake wa zamani walipita mlangoni wakitazama upande wa pili, na jambo hilo lilimuuma kuliko mahabusu.

Asubuhi ile akaliona jambo. Muuzaji wa duka lile la vitambaa aliwaeleza polisi kwamba siku ya moto bosi wake hakuwepo kabisa, alikuwa safarini.

"Mke wangu, nimepona," alisema. "Namfungulia kesi ya madai. Alinizushia, na ushahidi ninao mkononi."

"Baba watoto, hizo ulipewa kwa kesi ile. Kaulize kwanza."

"Nikaulize nini, na jina langu limo humu? Kipuri ni kipuri."

Mnaona alipoanza kupotea? Alidhani karatasi ni kama mota. Hakumuuliza wakili wala karani. Akatoa nakala, akaziambatisha kwenye madai yake, na ile ya muuzaji akaibandika mlangoni ili wapita njia wasome. Wakasoma. Mwenye duka la vitambaa naye akasoma.

Siku ya tatu muuzaji akaja karakana, macho mekundu. Alikuwa amefukuzwa kazi.

"Kaka fundi, nilikukosea nini?"

"Hujanikosea, dada. Wewe ndiye uliyeniokoa."

"Nilisema kwa polisi. Sikusema kwa mtaa mzima."

Fundi akajiuliza moyoni. Aombe radhi kwa lipi, wakati maneno yale ni ya kweli?

Mahakamani alichanganyikiwa zaidi.

"Hizi umezipata wapi?" hakimu akauliza.

"Nilipewa na serikali, mheshimiwa."

"Ulipewa ujitetee katika kesi ya jinai. Kuzileta huku kunahitaji ruhusa ya mahakama. Uliomba?"

"Sikujua kama kuna kuomba."

"Ungeomba, huenda ungepewa, na shahidi angelindwa. Sasa naziondoa kwenye ushahidi. Mlete mwenyewe aje aseme."

Fundi alikwenda kwa muuzaji mbio mbio. Akamkuta anaanika nguo uani.

"Dada, njoo useme neno moja tu."

"Mara ya kwanza nilikusemea bila kuombwa, kaka fundi. Ukanibandika mlangoni." Akaokota beseni lake, akaingia ndani.

Madai yakatupwa. Mpaka leo mtaani anaitwa Kiberiti, na kila jioni humuuliza mkewe vipi ukweli ulimponyoka ilhali aliushika kwa mikono miwili. Mkewe anamsogezea chai.

Funzo

Ukipewa maelezo ya mashahidi ili ujitetee kwenye jinai, usiyageuze silaha ya kesi nyingine kabla hujaiomba mahakama ruhusa, na usiyatangaze mtaani. Nyuma ya kila ukurasa yupo mtu aliyejitolea kusema. Ukimwanika leo, kesho utamhitaji, naye hatakuja.