Kachero na Ukuta wa Bwana Kamba

Kila alasiri, akishavua sare ya shule, Kachero alishuka ngazi kumi na moja hadi chumba cha chini, ambako mama yake alishonea nguo. Kazi yake ilikuwa kuokota pini. Alikuwa na sumaku iliyofungwa kwenye fimbo, aliyoipitisha chini ya cherehani na chini ya meza ya kukatia, mpaka pini zote zirudi koponi. Kisha alizihesabu. Ikipungua hata moja, alimkazia macho mdogo wake kama polisi.

Jina la Kachero alipewa na wenzake wa darasa la sita, na hawakumpa bure. Siku chungwa lake lilipopotea, alinusa mikono ya darasa zima, mwalimu wa zamu akiwemo. Chungwa lilikuja kupatikana chini ya mkoba wake mwenyewe. Watu walicheka hadi machozi, lakini Kachero hakukoma kushuku.

Alasiri moja sumaku ilirudi ikichuruzika maji.

"Mama, sakafu imelowa!"

"Umemwaga nini tena?" Mama aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Sijamwaga kitu. Haki ya Mungu!"

Mama aliinama akagusa sakafu kwa kiganja. Ilikuwa na unyevu kuanzia kwenye meza hadi ukutani. Alifungua haraka sanduku la chini na kutoa majoho mawili ya kwaya. Pindo zake zilikuwa zimeshaota ukungu wa kijivu. Mama akashika tama.

"Nina majoho arobaini ya kushona humu," alisema. "Mvua kubwa zikinikuta katika hali hii, nitafunga kazi. Sina chumba kingine."

Kachero hakuwahi kumwona mama yake akiogopa. Aliona uchungu, na papo hapo akataka kumpata mtu wa kulaumiwa. Hakuhitaji kutafuta mbali.

Juu kwenye ukuta wa upande wa jirani palikuwa na kidirisha kilicholingana na ardhi ya nje. Kupitia hapo, kila asubuhi alipoteremka kumuaga mama kabla ya shule, aliona magoti mawili yaliyopigwa chini kwenye bustani ya nyanya. Kando ya magoti hayo palikuwa na ndoo ya kumwagilia, na mkono ulioteremsha kamba taratibu, ukaivuta, ukaifunga fundo. Magoti yalikuwa ya jirani yao, mzee mstaafu aliyekuwa akiishi peke yake. Watoto walimwita Bwana Kamba kwa sababu hakuonekana bila kamba mfukoni.

"Ni yeye, Mama," Kachero alinong'ona. "Anamwaga maji ukutani kila asubuhi. Na kabla hajaondoka huangaza macho huku na huku."

"Usimpake mtu matope, mwanangu. Tumwite fundi kwanza."

Lakini Kachero alimwona mama akikitupia kile kidirisha jicho la pembeni.

Fundi alikuja Jumanne. Alikuwa mama mnene mwenye penseli fupi iliyochomekwa kwenye nywele, na mwendo wa mtu asiye na haraka. Hakugonga ukuta wala kukuna kichwa. Alitoa karatasi tatu za plastiki nyeupe inayoonyesha, kila moja upana wa sinia. Alikausha sehemu tatu kwa kitambaa na kuzipitishia kidogo moto wa taa yake ya gesi. Kisha akabandika plastiki moja kwenye ukuta wa barabarani, moja kwenye ukuta wa upande wa Bwana Kamba, na ya tatu sakafuni. Kingo zote alizifunga kwa utepe wa gundi.

"Hawa ndio mashahidi wangu," alisema. "Matone yakitokea juu ya plastiki, basi ni unyevu wa hewa ya humu ndani. Yakitokea nyuma yake, maji yanapenya kutoka ardhini. Nitarudi Alhamisi. Asiziguse mtu."

"Hata mimi?" Kachero aliuliza.

"Hasa wewe," alisema fundi, akamtazama kwa namna iliyomfanya Kachero aangalie viatu vyake.

Jumatano asubuhi Kachero alishuka mbio. Plastiki ya sakafuni ilikuwa na matone madogo nyuma yake. Ya barabarani ilikuwa kavu. Na ile ya upande wa Bwana Kamba nayo ilikuwa kavu kabisa. Hakuamini macho yake. Nje, magoti yalikuwa palepale.

Alitoka akasimama kwenye uzio. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu. Nimesikia fundi alikuja kwenu. Amegundua nini?"

Kachero alijikausha. "Bado, babu." Alirudi ndani haraka. Mbona anauliza habari za fundi? Kwa nini? Bila shaka amejua anachunguzwa, ndiyo maana ameacha kumwaga maji! Kadiri alivyofikiri, ndivyo ule ukuta mkavu ulivyozidi kuwa ushahidi. Kesho fundi atakuja, ataona ukuta mkavu, na mzee huyo mjanja atapeta.

Jioni, alipomaliza kuosha vyombo, Kachero alichukua sponji akashuka nayo. Aliinua pembe moja ya utepe, akaikamua sponji mara mbili nyuma ya plastiki, akabandika tena na kubonyeza kwa kidole gumba. Hakujiona anadanganya. Alijiona anaisaidia kweli, ambayo ilikuwa imechelewa kidogo.

Alhamisi fundi alianza na ukuta wa barabarani: pakavu. Sakafuni: matone nyuma ya plastiki. Akafika kwenye ukuta wa Bwana Kamba, akachungulia. Maji yalikuwa yamejikusanya chini ya plastiki kama kifuko. Aliubandua utepe, akachovya kidole, akakinusa.

"Ajabu," alisema. "Haya yananukia sabuni."

Kachero alificha mikono mgongoni.

"Sabuni!" Mama alisimama, sindano ikiwa bado mkononi. "Basi anamwaga hata maji ya kufulia! Nami najizuia siku zote hizi, najiambia huyu ni mtu mzima!" Alipanda ngazi kwa kishindo, na fundi akamfuata. Kachero alikuja nyuma kabisa.

Bwana Kamba alikuja kwenye uzio akifuta mikono kwenye suruali. Mama alimweleza yote, na sauti yake ilikuwa ya heshima lakini kali.

"Mimi, mwanangu?" mzee aliuliza. "Maji ya sabuni kwenye nyanya? Sijawahi."

"Fundi ameyanusa, mzee wangu. Ukuta hausemi uongo."

Mzee alimtazama fundi, kisha mama, kisha ukuta. Uso wake ulinywea. "Sasa mnataka nifanye nini?"

"Kama maji yanapitia ukutani," alisema fundi kwa kusitasita, "itabidi tuchimbe upande huu wote hadi kwenye msingi, tupake lami ya kuzuia maji kwa nje. Bustani haitabaki. Ni kazi ya wiki mbili na zaidi. Na ikiwa chanzo si hapa, mvua zitatukuta bado tumeshika sululu, na chumba kitajaa vilevile."

"Chimbeni," alisema Bwana Kamba. "Sitaki kugombana na jirani kwa sababu ya nyanya." Palepale akapiga magoti, akashika mche wa kwanza uliokuwa na nyanya mbichi saba, akaung'oa na kuulaza chini taratibu. Akashika wa pili.

Kachero aliyatazama yale magoti. Kwa mara ya kwanza aliyaona yakiwa na mwenyewe: mzee mwenye shati lililokatika kifungo. Alijua akisema, mama atamwona mwongo mbele ya watu. Na asiposema, mzee atapoteza bustani, wao watachimba pasipo na maji, na mama atapoteza kazi yake.

Mche wa tatu ulipotikisika, alipiga kelele.

"Babu, acha! Using'oe! Ni mimi!"

Wote waligeuka.

"Yale maji niliyatia mimi. Kwa sponji ya vyombo. Ukuta ulikuwa mkavu." Machozi yalimtoka bila breki. "Nilijua ni yeye, ila ukuta haukutaka kusema."

Mama alijifunika mdomo kwa kiganja. Aibu aliyokuwa nayo haikuwa ya mtoto peke yake.

"Nisamehe, mzee wangu," alisema hatimaye. "Huyu ametia maji, lakini mimi nilikuwa na kiu ya kuyaamini."

Bwana Kamba alikaa chini kabisa kwenye udongo, akavuta pumzi ndefu. "Mjukuu, ulijuaje ni mimi?"

"Kila asubuhi unapiga magoti ukutani na kamba. Halafu unaangaza macho."

Mzee akacheka, kicheko kilichoanza kwa kikohozi. "Naangaza macho nisije nikaonekana kichaa! Njoo uone." Alitenga majani ya nyanya. Nyuma yake palikuwa na kisima cha zamani, chembamba, chenye kifuniko cha mbao. "Miaka thelathini nilipima kina cha maji bwawani. Nimestaafu, lakini mkono haujui. Kila asubuhi nateremsha kamba hii, naangalia maji yamefika wapi, nafunga fundo."

Fundi aliichukua kamba, akaipitisha vidoleni. Macho yake yaliamka. "Na uzi huu mwekundu?"

"Huo ni usawa wa sakafu yao. Niliupima nyumba ilipokuwa inajengwa. Maji ya kisima yakifika hapo, yamelingana na chumba chao. Wiki mbili sasa yameupita. Ndiyo maana jana nilimuuliza mtoto fundi amegundua nini. Nilitaka kuwaeleza, nikaogopa mtasema mzee ana umbea."

"Wiki mbili," Mama alirudia polepole. "Kumbe ndipo majoho yalipoanza kuota ukungu."

"Basi maji hayatoki kwa mtu," alisema fundi. "Yanapanda kutoka chini, yanapenya pale sakafu inapokutana na ukuta. Shahidi wangu wa sakafuni alikuwa ameshasema. Ningechimba bustani hii bure."

Kazi ilichukua siku sita. Fundi alichonga mfereji mwembamba sakafuni kuzunguka kuta zote, akachimba shimo pembeni na kuweka pampu ndani yake, na bomba la kupeleka maji mtaroni. "Maji ya ardhini huwezi kuyafukuza kwa kupaka tu," alieleza. "Yape njia ya kutoka, kisha ndipo uzibe." Mwishoni alijaza maungio yote kwa simenti ya kuzuia maji na kuisawazisha kwa mwiko. Kachero alibeba kifusi ndoo baada ya ndoo, hata mikono ikatoka malengelenge. Kabla ya hapo alikuwa ameipanda upya ile miche miwili kwa mikono yake. Mmoja ulishika. Wa pili ulikauka, na kila alipoupita alijisikia vibaya.

Mvua kubwa ilinyesha siku nne mfululizo. Asubuhi ya tano fundi alikuja kukagua. Mama alikuwa anashona joho la thelathini na tisa, pampu ikinguruma taratibu pembeni, na sakafu ilikuwa kavu. Kachero aliipitisha sumaku yake, ikarudi na pini kavu tatu.

Fundi alimkalisha kwenye ngazi. "Kushuku si kosa," alisema. "Hata mimi hushuku, ndiyo maana huja na plastiki. Kosa lako ni moja. Mimi niliuuliza ukuta, ukajibu wewe. Ukishamuuliza mtu, au kitu, mwache ajibu mwenyewe, hata kama jibu lake halikupendezi."

"Nimeelewa, fundi."

Kutoka kidirishani ilisikika sauti. "Kachero! Magoti yangu leo yamegoma. Njoo unipimie."

Alipanda ngazi mbio, akapiga magoti kando ya ule mche uliosalimika, akateremsha kamba kisimani. Mama alikuwa amechungulia kidirishani, uso wake ukiwa na wasiwasi, na Kachero alitamani sana kumpa habari njema. Aliivuta kamba, akaitazama ilipolowa, akarudia kuitazama.

"Yamepanda, Mama," alisema. "Yamelipita fundo la jana, yako juu kabisa ya uzi mwekundu."

Bwana Kamba aliitikia kwa kichwa, akamwachia yeye afunge fundo.