Daftari Lililokwenda Koboko

Kila jioni, akishaosha vyombo, Kevina wa mtaa wa Ediofe, mjini Arua, alikaa nje ya nyumba akachora: kuku, jerikeni, hata miguu ya mama yake akimenya mihogo. Mwalimu wake wa kuchora, Bwana Lokule, aliishi Koboko na alifika Arua mara moja kwa mwezi. Safari hii aliondoka na madaftari ya wanafunzi ili akayasahihishe.

"Msikae kunisubiri," aliwaambia. "Tafuteni karatasi nyingine mchore."

Lakini wapi! Kevina aliiweka penseli juu ya kabati.

"Mwanangu, mbona huchori siku hizi?" mama yake alimuuliza.

"Nitachoraje, mama, na sijui kama napatia? Nikizoea makosa je?"

Jirani yao Swaib, mwanafunzi mwenzake, hakuwa na maswali mengi. Alichora kwa mkaa nyuma ya kalenda ya zamani. Kevina akamcheka, "Wewe Swaib, mbuzi yako iko na miguu ya meza!"

"Kesho itakuwa na miguu ya mbuzi," Swaib akajibu, akaendelea kuchora.

Mwezi ulipoisha mwalimu akarudi na habari. Kituo kimoja cha afya huko Koboko kilitaka ukuta wa wodi ya watoto upambwe kwa michoro, naye alihitaji mwanafunzi mmoja wa kumsaidia. Akaweka birika mezani, akasema, "Lichoreni. Dakika kumi."

Kevina aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Kumbe mkono umeshakuwa mgeni! Mstari ulitetemeka, mdomo wa birika ukaenda upande. Alifuta na kufuta mpaka karatasi ikatoboka. Akachaguliwa Swaib.

Ndipo Kevina akarudishiwa daftari lake. Maneno aliyoyangoja mwezi mzima yalikuwa mawili tu: "Vizuri. Endelea." Loo, majuto ni mjukuu! Alilia mbele ya wenzake wote.

"Mwalimu, nimejiponza mwenyewe."

"Kweli, umejiponza," mwalimu alisema kwa upole, "na ukuta huu umekupita, siwezi kukudanganya. Shika karatasi, uanze tena."

Kevina alichora birika lile mara nne. La nne likasimama sawasawa, ingawa macho yake yalikuwa bado mekundu.

"Umeona?" mwalimu akasema. "Mimi nasahihisha ulichokwisha kuchora. Mkono wako hakuna awezaye kuuzoeza ila wewe, tena kila siku, mwalimu awepo asiwepo."