Kontena la Kumi na Mbili

Saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, simu ya Verediana ilitetemeka mara moja.

"Gunia la tano lina panya."

Maneno matano, basi. Akayafuta. Maana yake aliijua tangu alipoagwa Iringa kuja kupeleleza: msaliti yumo ndani ya seva, tenda sasa, usingoje mtu.

Hata hivyo hakuwa na mtu wa kungoja. Miezi minane alikuwa Mbalizi akiitwa Pendo, fundi wa kompyuta kwenye ofisi iliyofuatilia doria za askari wa wanyamapori, amepanga chumba kimoja Ilomba, anapika kikombe kimoja cha mchele. Jumapili alikaa benchi la nyuma kanisani, akatoka kabla watu hawajaanza kusalimiana.

Nje, ukungu wa Juni ulikuwa umelalia barabara ya Tunduma. Ndani ya chumba cha seva baridi ilikuwa kali zaidi. Alipandisha zipu ya koti, akagusa hereni ya kushoto.

"Nipo," alinong'ona.

"Kamwene, dada." Hereni ilileta sauti ya Vitus, mkuu wake wa kazi, aliyejificha na vijana wake kando ya barabara ya Idodi.

"Kamwene, mkuu." Wiki nzima hakuwa amesikia neno jingine la Kihehe.

"Doria ya Masumbuko imeshuka bondeni. Askari wa wanyamapori sita. Redio hazifiki kule. Mbele yao kuna majangili na bunduki, na wanajua kila hatua yao. Wanaisoma humo kwenye seva yenu."

"Nina muda gani?"

"Dakika arobaini."

Wiki mbili nyuma, bonde hilohilo, askari watatu walikuwa wamerudishwa kwenye machela. Vifaa walivyobeba askari wa doria vilituma kwenye seva, kwa setilaiti, mahali walipo, kila dakika. Kutuma tu. Neno la kuwaonya visingeweza kupokea.

"Nizime mashine?"

"Ukizima watajua wameshtukiwa. Watawafuata pale walipowaona mwisho."

Verediana alitoa kalamu ya Bic mfukoni. Ndani ya kalamu kulikuwa na flashi iliyonasa nywila ya Ezron tangu Jumatatu. Ezron ndiye alikuwa mkuu wa mitambo, mtu pekee aliyeruhusiwa kugusa ile Dell nyeusi iliyonguruma ukutani.

Akachomeka.

Seva ikafunguka.

Ndani ya mashine hiyo moja, programu ziliishi kama wapangaji wa nyumba moja. Kila moja na kontena lake: chumba chepesi, kufuli lake, ingawa paa na umeme ni vya wote. Mpangaji haoni cha jirani. Ndivyo ilivyotakiwa kuwa.

Aliita orodha. Ofisi ilikuwa na makontena kumi na moja, hata mfagizi alilijua hilo.

Kioo kilionyesha kumi na mawili.

La mwisho liliitwa "hali-ya-hewa".

Alilichungulia. Humo hamkuwa na mvua wala jua. Mtu alikuwa ametoboa ukuta wa jirani: faili za doria ya Masumbuko zilisomeka kutoka humo, na kila dakika nukta sita, moja kwa kila askari, zilirushwa kwenye simu ya setilaiti ya Thuraya iliyokuwa porini, na nakala kwa mnunuzi wa pembe za ndovu ng'ambo ya mpaka.

Chini yake, jina la aliyelianzisha.

Ezron.

Vidole vya Verediana vilisimama juu ya kibodi.

Kila siku saa nne Ezron alileta vikombe viwili vya chai ya tangawizi, akakaa naye robo saa. Alimwuliza kama amelala vizuri. Mbeya nzima hakuna mwingine aliyemwuliza hivyo.

"Dada?" Vitus aliita. "Thelathini na tano."

"Naendelea."

Uzuri wa kontena ni kwamba huamka kwa sekunde, si kama mashine nzima. Aliamsha la kumi na tatu, pacha wa lile la doria, akaliwekea nukta sita za uongo. Nukta zikageuka, zikaanza kupanda kaskazini, mbali na bonde. Kisha akaligeuza lile tundu la ukutani litazame kwa pacha. Kontena la kweli liliendelea na kazi yake pembeni, halikuguswa.

Porini, mtu mwenye Thuraya sasa aliona doria ikiondoka. Njia nyeupe ya kupitisha pembe hadi barabara ya Idodi.

Saa nne kamili. Mlango ukafunguka.

Ezron aliingia na vikombe viwili. Alitazama kioo. Aliviweka vyote mezani, kimoja mbele ya Verediana, taratibu, kama kawaida yake. Mkono wake wa kulia ulipotoka kwenye koti ulikuwa na bastola, Glock.

"Pendo, ondoa mikono hapo."

"Kontena la hali ya hewa ni la nani, bosi?"

"La watu wasiokataliwa." Sauti yake ilikuwa imechoka. Mkono wa pili ulitafuta simu. "Ungekunywa chai yako tu."

Alishusha macho kutafuta namba.

Nusu sekunde.

Chai ya moto ilimpiga usoni. Risasi ikatoboa dari. Verediana alimpiga kwa kiwiko kwenye kifundo cha mkono, Glock ikaanguka, akaisukuma kwa mguu chini ya kabati, akamlaza kifudifudi na kumfunga mikono kwa waya wa mtandao.

Ezron alihema sakafuni, uso umemwiva.

"Nilikuletea chai kila siku," alisema.

"Najua. Ilikuwa nzuri."

Alikaa kitini, akazitazama nukta za uongo zikipanda kilima ambacho hakuna mtu aliyekuwa akikipanda.

Dakika kumi na tano. Ishirini.

"Hilux nyeupe!" Hereni ilipasuka kwa kelele. Breki. Amri. Kisha kimya kirefu.

"Mkuu?"

"Tumewabana. Watu wanne, pembe kumi na mbili. Hakuna aliyefyatua."

"Na Masumbuko?"

"Anatembea zake bondeni. Hajui kitu." Vitus alikohoa. "Wala hatajua, dada. Polisi wanapanda ngazi kwako sasa hivi. Toka."

Alinakili ushahidi kwenye flashi, akalizima la kumi na mbili, akalizima na pacha. Akafuta jina la Pendo kwenye seva. Alipishana na polisi wawili ngazini, akampa wa mbele flashi bila neno, akatoka.

Stendi, basi la Iringa lilikuwa likiunguruma. Mkata tiketi alikuwa na kalamu mkononi.

"Jina, dada?"

Alifikiri kidogo. Lake halikuruhusiwa. La Pendo lilikuwa limekufa.

"Happy."

"Happy nani?"

"Happy tu."

Akapokea tiketi, akapanda, akakaa siti ya dirishani. Ya pembeni yake ilibaki tupu.